Uwanja wa Kimataifa Usio na Mataifa: Kauli Kuhusu Kisumu na Safari Zake za Ndege

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili anajua kwamba kiambishi ki- kikipachikwa kwenye nomino huweza kuzaa maana ya namna au mtindo. Kulia kitoto ni kulia kwa jinsi ya mtoto, na anayelia si lazima awe mtoto. Mtu mzima mwenye ndevu huweza kulia kitoto. Kwa kanuni hiyo hiyo, uwanja wa ndege huweza kuitwa wa kimataifa pasipo ndege ya taifa jingine kutua hapo. Sarufi haina kosa. Ndivyo zilivyo pia shule za kimataifa zenye wanafunzi wa kata moja, na vinyozi wa kimataifa ambao hawajawahi kumnyoa mgeni. Lakini kinyozi hakujengewa kwa fedha za umma, ilhali uwanja wa ndege wa Kisumu ulijengewa.

Uwanja huo uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kando ya barabara iendayo Busia. Upanuzi wake ulikamilika mwanzoni mwa muongo wa 2010, Rais Mwai Kibaki akaufungua rasmi, na njia yake ya ndege kurukia na kutua ikafikishwa mita 3,300. Urefu huo si wa mapambo. Kisumu iko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari na ina joto jingi. Hewa ikiwa nyepesi na ya moto, mabawa hupata mshiko mdogo na injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege nzito huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Waliouchora uwanja huo walizikusudia ndege kubwa za kwenda mbali. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake chini ya jina la kimataifa, safari za ratiba zilizoondoka hapo zimekwenda Nairobi, na kwa vipindi Mombasa. Na hizo za Nairobi zenyewe huongezeka na kupungua kwa namna ambayo mwenyeji wa Kisumu huipokea kama mvua: akiipata hushukuru, akiikosa huvumilia.

Kauli yangu katika makala haya ni kwamba uvumilivu huo umepita kiasi. Mabadiliko ya njia za ndege na ya idadi ya safari kwa wiki yamechukuliwa kuwa siri ya ndani ya kampuni, kama mume na mke wanavyopanga matumizi ya nyumba yao. Mimi nasema ni jambo la umma. Na wasomi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili, nitakayoieleza mbele.

Kabla ya hapo turudi nyuma, maana Kisumu ni mji ambao historia yake yote ni historia ya njia kuja na njia kuondoka. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na mji ukazaliwa papo hapo kwa sababu moja tu: hapo ndipo mizigo ya Uganda iliposhushwa kutoka behewa na kupakiwa melini. Kwa miaka thelathini Kisumu ililishwa na ubadilishaji huo. Mnamo 1931 reli iliyopita Nakuru, Eldoret na Tororo ikafika Kampala. Mizigo ya Uganda haikuwa na haja tena ya kushuka Kisumu. Hakuna aliyeuchukia mji. Njia ilihama tu.

Mwaka huo huo wa 1931, Februari 28, shirika la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Kipande cha kutoka Khartoum kilirukwa kwa ndege za majini aina ya Short Calcutta, ambazo hazikuhitaji uwanja bali maji yaliyotulia, na ghuba ya Kisumu ilikuwa nayo tele. Mwaka uliofuata njia ilipofikishwa Cape Town, Kisumu ikawa mahali pa kubadilishia: abiria akishuka katika ndege ya majini na kupanda ndege ya nchi kavu kuelekea Nairobi na kusini. Mji uliopoteza ubadilishaji wa reli na meli ukajaaliwa ubadilishaji wa maji na ardhi. Januari 1935 safari zikaongezwa kutoka moja hadi mbili kwa wiki. Nyongeza ya safari moja kwa wiki! Leo tungeicheka, lakini kwa karani wa posta, kwa mfanyabiashara wa pamba na kwa mgonjwa aliyengoja dawa, ilimaanisha kwamba muda wa kungoja umekatwa nusu. Mnamo 1937 ndege kubwa zaidi za majini zikaanza kwenda Durban kupitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kwa miaka michache hiyo Kisumu ilikuwa ya kimataifa bila ya kuhitaji kibao cha kuitangaza hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakabadilika tena. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za majini za BOAC aina ya Solent zilitua Ziwa Naivasha, karibu zaidi na Nairobi, na Kisumu ikarukwa. Mnamo Novemba 1950 shirika hilo likaachana kabisa na ndege za majini katika njia ya Afrika, kwa sababu vita vilikuwa vimeacha viwanja virefu vya nchi kavu kila mahali. (Naivasha, tuseme kwa mabano, imekuwa na desturi ya kuipokonya Kisumu riziki: mnamo 2019 reli mpya ya kisasa nayo ilifika Naivasha ikasimama hapo kwa miaka.) Kisha likaja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946, ambalo liliwatazama Wakenya, Waganda na Watanganyika kama abiria wa nyumba moja. Lilipokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya iliyolizaa, kila nchi ilijenga shirika lake, na kila shirika likazifunga njia zake zote kwenye mji mkuu wake kama mbuzi anavyofungwa kwenye kigingi.

Naomba msomaji achukue ramani ya Afrika Mashariki na rula. Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 280. Kutoka Kisumu hadi Entebbe ni takriban kilomita 255. Naam, Entebbe iko karibu na Kisumu kuliko Nairobi. Mwanza iko umbali wa kilomita 330 hivi. Lakini kwa miaka mingi msafiri wa Kisumu anayetaka kuruka kwenda Entebbe amezoea kwenda kwanza mashariki hadi Nairobi, angoje huko saa kadhaa, kisha arudi magharibi apite juu ya ziwa lile lile aliloliacha asubuhi. Akitazama dirishani na hali ya hewa ikiwa nzuri, huenda akauona uwanja alioondokea. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Mpaka wa karatasi ulilegezwa, ule wa ratiba ukabaki palepale.

Hebu sasa tuitazame ratiba yenyewe, maana hapo ndipo mengi hufichwa. Kampuni za ndege zinapotangaza mabadiliko hupenda kuzungumzia viti, na waandishi wa habari huinukuu hesabu hiyo bila ya kuipekua. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ina safari nne kwa siku kwa ndege ya rafadha yenye viti 78: jumla viti 312. Inaamua kuleta ndege ya jeti yenye viti 96 na kupunguza safari ziwe tatu: jumla viti 288. Tangazo litasema kwamba abiria wameletewa ndege kubwa na ya kasi, na kwamba upungufu wa viti haufiki hata asilimia nane. Yote mawili ni kweli. Lakini kile kilichoondolewa si viti 24, ni saa. Safari moja ya siku imefutwa, na aghalabu inayofutwa ni ile ya alfajiri au ile ya jioni, kwa kuwa ndizo zenye gharama ya pembeni.

Gharama hiyo ya pembeni ni ya malazi. Ndege, kama mtu, hulala mahali. Ndege inayolala Nairobi huondoka Nairobi alfajiri, hufika Kisumu baada ya dakika arubaini na tano hivi, hugeuka na kurudi. Mtu wa Nairobi aliyepanda hiyo ya alfajiri huhudhuria mkutano wake Kisumu, hula samaki wake mchana, na jioni hulala kwake. Mtu wa Kisumu hawezi kuondoka mpaka ndege ije kumchukua. Akifika Nairobi na kupambana na msongamano wa magari hadi katikati ya jiji, asubuhi imekwisha. Ili naye apate siku nzima lazima ndege moja ilale Kisumu, na ndege ikilala Kisumu, marubani na wahudumu walale hotelini kwa gharama ya kampuni, fundi awepo, ulinzi uwepo. Kwa hiyo ratiba ina upande, kama mizani iliyowekewa jiwe. Anayesoma idadi ya safari peke yake hataliona jiwe hilo. Mpaka asome saa za kuondoka, na ajiulize ni nani anayepewa siku nzima na nani anayepewa vipande.

Nini kinachopotea saa inapopotea? Kwanza ni wagonjwa. Magharibi mwa Kenya ina hospitali kubwa na madaktari hodari, lakini matibabu fulani bado yanamlazimu mgonjwa kwenda Nairobi, na ambaye hawezi kuketi saa saba au nane ndani ya basi katika barabara ya kilomita 350 hivi hana njia nyingine ila ya anga. Safari ya asubuhi ikiondolewa, mgonjwa huyo na mwangalizi wake hulazimika kulala Nairobi usiku mmoja zaidi kila waendapo kwa daktari. Anayehudhuria kliniki mara mbili kwa mwezi atalipia usiku 24 kwa mwaka ambao haumo katika nauli wala katika hesabu za kampuni. Pili ni msiba. Kila anayeijua jamii ya Nyanza na ya Magharibi anajua kwamba maziko hufanyika nyumbani, na kwamba mwana aliye mbali hurudi. Msiba hauchagui msimu; msafiri wa msiba hununua tikiti siku mbili kabla, kwa bei iliyo juu kabisa, wala hajadiliani. Kampuni zinamjua vizuri, na ndiye abiria mwaminifu kuliko wote wa njia hii.

Tatu ni samaki. Minofu ya mbuta, au sangara kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, huvuliwa na kutayarishwa katika mwambao wa ziwa, kisha ile ya kuuzwa ng'ambo husafirishwa kwa malori yenye barafu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikapakiwe huko. Samaki hupita karibu na njia ya ndege ya mita 3,300, hakuna ndege ya kumbeba, naye huanza safari ya usiku kuupanda Ukuta wa Bonde la Ufa. Mvuvi wa Dunga hulipia safari hiyo ya lori kila siku bila ya kupewa risiti, kwa sababu mnunuzi huikata katika bei ya ufukweni.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi zito. Kampuni ya ndege si kituo cha msaada. Mafuta peke yake humeza takriban robo hadi theluthi ya gharama za shirika, na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Ndege hukodishwa kwa dola, ilhali abiria wa Kisumu hulipa kwa shilingi. Biashara hii imeua wengi. Novemba 2012 shirika la JetLink, ambalo lilikuwa likiihudumia Kisumu, lilisimamisha safari zake zote likieleza kwamba fedha zake zilikwama Sudan Kusini. Tazama jinsi njia ya Kisumu ilivyoponzwa na benki za Juba! Ndege hazijafungwa ardhini kama reli; abiria wakikosekana hapa, kesho zitapelekwa kwingine, na mkurugenzi asiyezipeleka ataulizwa na wenye hisa. Fauka ya hayo, ushindani umetuletea mema. Jambojet ilipoanza Aprili 2014 kwa nauli iliyoanzia shilingi 2,850, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza, wako waliopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Sioni fahari ya kuirudisha enzi ambapo mwenye tai ndiye aliyeruka peke yake.

Nalikubali pingamizi hilo katika sehemu yake ya kwanza, nalikataa katika ya pili. Ni kweli kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kuruka kwa hasara. Si kweli kwamba kwa sababu hiyo haidaiwi chochote. Uwanja umejengwa kwa fedha za umma. Waongozaji wa ndege hufanya kazi chini ya mamlaka ya umma. Anga yenyewe, kwa mujibu wa kifungu cha kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ni milki kamili ya dola iliyo chini yake. Anayefanya biashara ndani ya mali ya umma kwa leseni ya umma huwa na wajibu mdogo kwa umma hata kama hana wajibu mkubwa. Wajibu mdogo ninaoudai ni wa taarifa.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi ya hapo. Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeishuku kwa ujamaa, ilipofungua soko lake la anga kwa sheria ya 1978 iliweka wakati huo huo mpango wa kuilinda miji midogo: kampuni ya mwisho iliyotaka kuuacha mji uliomo katika mpango ilitakiwa kutoa notisi ya siku 90, na serikali huweza kulipa ruzuku ili safari zisikatike. India ilianzisha mpango wake wa UDAN mwaka 2016, na ndege ya kwanza chini ya mpango huo iliruka kati ya Shimla na Delhi Aprili 2017. Nauli ya sehemu ya viti hufungwa isizidi kiwango fulani na serikali hufidia pengo. Katika Umoja wa Ulaya serikali huruhusiwa kutangaza kwamba njia fulani ni huduma ya lazima kwa umma na kuipigia zabuni.

Sipendekezi ruzuku kwa Kisumu, angalau si kwa kuanzia. Kenya ina mazoea mabaya na fedha zinazoelekezwa angani, na wakati mwingine tunajenga kwanza halafu tunauliza. Uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa 1997 ukiwa juu zaidi ya mita 2,100 na wenye njia ndefu kuliko ya Kisumu, ulipata jina zaidi kwa ndege za mizigo zinazoleta nguo na vifaa vya umeme kutoka Ghuba. Ndege hizo zikishashusha zimejulikana kuondoka tupu kwenda Nairobi kupakia maua. Njia ilikuwepo, ndege ilikuwepo, hata mkulima alikuwepo jirani. Kilichokosekana ni ghala la baridi, wakaguzi na mnunuzi aliyejipanga. Fedha zaidi kwa kampuni ya ndege zisingeziba pengo hilo. Ninachoomba kwa Kisumu ni cha bei nafuu mno: kwamba anayebadilisha njia aseme mapema, aseme wazi, na aseme kwa lugha inayoeleweka.

Hapo ndipo ninapowageukia ninyi, wanafunzi wenzangu wa Kiswahili na walimu wetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kampuni inapoomba leseni ya kuhudumia njia fulani, Mamlaka ya Usafiri wa Anga huchapisha taarifa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kumwalika yeyote mwenye maoni ayawasilishe kwa maandishi. Huo ni mwaliko wa kidemokrasia kabisa. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, katika chapisho ambalo mama wa soko la Kibuye hajawahi kulishika mkononi. Ameitwa kwa sauti asiyoisikia, kisha kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa kuridhia. Na safari zinapopunguzwa, hata sauti hiyo hafifu haipo. Abiria huletewa ujumbe mfupi wa simu unaomweleza kwamba safari yake imehamishiwa saa nyingine, naye hudhani amepatwa na bahati mbaya ya siku moja, kumbe ni njia nzima iliyohamishwa.

Lugha ya matangazo hayo inastahili tasnifu. Njia haifutwi, bali «inasimamishwa kwa muda». Safari hazipunguzwi, bali ratiba «inaboreshwa» au «inaoanishwa na mahitaji». Wanasemantiki wanaiita tasfida, na kwa kawaida tasfida ni adabu: tunasema mtu ametutoka ili tusimchome mfiwa. Lakini tasfida ya adabu humsitiri anayeumia, na hii humsitiri anayeumiza. Ikitafsiriwa kwa Kiswahili kinyoofu huvuliwa nguo mara moja. Jaribu kumwambia mzee wa Kisian kwamba ndege yake ya asubuhi «imeoanishwa». Atakuuliza kwa upole: ipo au haipo?

Sisi nasi hatujaifanya kazi yetu. Hatuna istilahi moja iliyokubalika ya idadi ya safari katika kipindi fulani. Wako wasemao «marudio», neno ambalo mtu wa kawaida atalifikiria mtihani uliorudiwa. Wako wasemao «masafa», ambalo ni umbali na pia mawimbi ya redio. Wengi huzunguka na kusema «mara ngapi ndege huenda». Mimi nakiona hicho cha mwisho kuwa ndicho bora hadi sasa, kwa kuwa kila mtu hukielewa, ingawa hakitaingia vizuri katika jedwali. «Wingi wa safari» nao haujakaa vibaya. Vivyo hivyo, ule uitwao uhuru wa tano wa anga: ruhusa ya shirika la nchi moja, likiwa katika safari inayoanzia kwao, kuchukua abiria katika nchi ya pili na kuwapeleka katika nchi ya tatu. Dhana hii ikielezwa kwa Kiswahili, mfanyabiashara wa Kisumu ataitambua papo hapo, maana ndiyo kazi ya matatu ya Busia inayochukua abiria njiani. Atauliza kwa nini ndege ya Kigali isitue Kisumu ikachukua abiria wa Dubai. Ni swali halali. Azimio la Yamoussoukro la Novemba 1999 lilikusudia kulijibu, na Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga la Afrika, lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018 na kuungwa mkono na nchi 23, Kenya ikiwemo, lilikusudia kulijibu tena. Jibu lingali linachelewa kwa sababu kila serikali hufungua anga ya jirani kwa hotuba na kuifunga yake kwa kibali, ikihofia kwamba shirika lake la taifa litanyang'anywa abiria. Hofu hiyo ina msingi Nairobi. Kisumu haina msingi, kwa kuwa hakuna abiria wa kunyang'anywa pale ambapo hakuna ndege inayowachukua.

Basi madai yangu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kwa serikali za kaunti zinazouzunguka uwanja huo ni haya. Kampuni yenye leseni ya njia ya Kisumu ikitaka kuifuta, au kuondoa safari ya kwanza au ya mwisho ya siku, itoe notisi ya siku 90 badala ya ujumbe wa simu. Notisi hiyo iandikwe kwa lugha zote mbili rasmi, ieleze saa zinazoondolewa pamoja na hesabu ya viti, na ibandikwe pale watu wanapopita: uwanjani, katika kituo cha mabasi, katika ofisi za kaunti za Kisumu, Siaya, Vihiga na Homa Bay, na isomwe katika vituo vya redio vya eneo hili. Ndani ya siku hizo kampuni nyingine iruhusiwe kusema kama inaitaka saa hiyo. Na chama chetu kijitolee kuzitafsiri notisi za leseni kila zinapotoka katika Gazeti Rasmi. Ni kurasa chache kwa mara moja, kazi ya jioni moja kwa wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu wanaosoma tafsiri, na wahadhiri wetu wanaweza kuihesabu katika alama za kozi.